Kunguru Tunaowalisha

Nyuma ya madarasa ya kidato cha pili, katika shule ninayosomesha biolojia huku Likoni, upo mnazi mrefu uliokuwa mji wa mnana. Mnana ni ndege mdogo wa manjano, msusi hodari. Dume huchagua ncha ya kuti, akachana uzi mwembamba wa jani kwa mdomo, akafunga fundo la kwanza, kisha akaendelea kupitisha na kukaza mpaka kiota kikaning'inia hewani, mlango ukiangalia chini. Nyoka akipanda mnazi ule mara nyingi huishia kwenye kuti, hana pa kushika. Ulinzi huo umewafaa mnana wa pwani hii vizazi na vizazi.

Kwa kunguru haufai kitu. Asubuhi moja ya muhula wa tatu niliwatazama dirishani pamoja na wanafunzi, maana somo lilikuwa limejikata lenyewe kwa makelele ya nje. Kunguru walikuja watatu. Mmoja alitua juu kabisa akaanza kulia, na mnana wakamvamia kwa hasira, madume kwa majike, wakimdonoa mkiani. Wakati huohuo wenzake wawili walikuwa chini, kila mmoja amening'inia kwenye kiota, makucha yamezama katika ususi. Hawakuhangaika na mlango. Walipasua ubavuni, wakaingiza kichwa, wakatoka na kinda asiye na manyoya. Kiota kimoja kikimalizika wanahamia cha pili. Kengele ya kipindi ilipolia mti mzima ulikuwa umekwisha, na baadhi ya mnana walikuwa wakirukaruka kutoka kuti hadi kuti na wadudu mdomoni, wakitafuta wa kumlisha.

Msichana aliyeketi karibu na dirisha akaniuliza, "Mwalimu, kwani hawa kunguru wametoka wapi?"

Wengi wetu hatuulizi. Tumezaliwa tukawakuta, tukadhani ni wa hapa kama minazi na mikoko.

Kunguru ninayemsema ni yule mwembamba, mweusi, mwenye shingo na kifua cha kijivu, ambaye watu wengi wa Pwani humwita kurabu. Wanasayansi humwita Corvus splendens. Kwao ni India, Pakistan, Bangladesh, Sri Lanka, Nepal na nchi za jirani. Hapa kwetu aliletwa, na hakuletwa kwa bahati mbaya. Katika miaka ya 1890, Unguja ilipokwisha kuwa chini ya ulinzi wa Waingereza, watawala waliuona mji wa Zanzibar umejaa taka: mabaki ya vyakula vichochoroni, matumbo ya samaki na mizoga ufukweni. Wakaagiza kunguru kutoka India waje wausafishe mji. Walihesabiwa kuwa wafagizi wasiodai mshahara. Haikupita hata miaka 30 kabla serikali ileile haijawatangaza kuwa waharibifu. Kufikia mwaka 1917 watu walikuwa wakilipwa kwa kuleta mayai yao na kunguru waliouawa. Malipo yale hayakuwamaliza.

Kutoka Unguja walivuka hadi bara. Mombasa walionekana mara ya kwanza mwaka 1947. Lakini hawakumtegemea binadamu kwa safari ile moja tu. Kunguru hupanda meli bandarini, hula makombo ya jikoni na anachotupiwa na mabaharia, akashuka bandari inayofuata. Ukitazama ramani ya miji aliyoingia utaona ni ramani ya bandari: Aden, Djibouti, Port Sudan, Suez, Durban, Cape Town. Mwaka 1994 alionekana hata Hoek van Holland, Uholanzi, kwenye baridi ambayo mtu asingedhani ndege wa Bombay angeistahimili. Aliistahimili, akazaa.

Mombasa ilikuwa na kunguru wake kabla ya mgeni huyu kufika. Ni mnene kidogo kuliko huyu, mweusi tii, kifua cheupe na ukosi mweupe. Wazee wanamkumbuka akitembea kwa madaha katika viwanja vya mpira. Siku hizi, ili nimwone, hunibidi nitoke kabisa mjini. Wanafunzi wangu wengi hawajapata kumwona, na nilipowaonyesha picha yake mmoja alidhani ni mwewe. Kunguru mgeni humfukuza mwenyeji kwa wingi: wa kwetu huishi wawili wawili, mgeni huja kundi zima.

Si huyo peke yake aliyepungua. Shore, chozi, tetere, hata yule ndege mdogo wa kahawia anayejenga katika mikomamanga ya uani, wote hutaga mahali ambapo kunguru anaweza kufika, na kunguru ana subira ya kukaa ukutani akiangalia ni wapi mama anaingia na chakula mdomoni. Ndege mkubwa anayekula ndege wadogo si jambo jipya duniani. Mwewe hufanya hivyo, nyoka hufanya hivyo. Tofauti ni kwamba mwewe wakiwala ndege wa mtaa mpaka wakapungua, njaa huwapunguza mwewe nao. Kunguru hapunguzwi na njaa, kwa sababu kinda wa mnana kwake ni kitoweo cha pembeni. Chakula chake hasa tunampikia sisi.

Hapa ndipo ningependa msomaji atulie nami kidogo, maana kwenye mikutano mingi niliyohudhuria watu hupita haraka hapa wakakimbilia kuzungumzia sumu. Kunguru huyu ana tabia ambayo ndege wachache wanayo: hakuna mahali panapojulikana duniani ambapo anaishi mbali na watu. Hayuko msituni peke yake, hayuko kisiwani pasipo kijiji. Hujenga kiota kwenye mwembe, mkungu au nguzo ya umeme, na mara nyingi hukijenga kwa vitu vyetu. Wafanyakazi wa shule walipopogoa mwembe ulio karibu na jiko, kilianguka kiota ambacho nimekihifadhi maabara. Kwa nje ni waya wa kufungia nondo, umepindwa na kukazwa kiasi kwamba huwezi kuuchomoa kwa mkono. Ndani mna nyuzi za gunia na kipande cha wavu wa kuvulia. Vijiti vya mti ni vichache. Hutaga mayai matatu hadi matano. Kwao India yupo ndege aitwaye koeli ambaye hutaga katika kiota cha kunguru na kumwachia ulezi, kwa hiyo makinda mengine ya kunguru hufa kwa njaa. Koeli huyo hapa hayupo. Kilichobaki cha kuwazuia ni kiasi cha chakula, na chakula kiko tele.

Jirani yangu ni mama karanga. Kwa wasiokaa Pwani, hao ni wanawake wanaonunua samaki wadogo dikoni, wakawakaanga na kuwauza mitaani jioni. Ni kazi ngumu, na nyumba nyingi za Likoni hula kutokana nayo. Kila asubuhi hurudi na ndoo ya tafi na changu wadogo, akakaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba na kisu kifupi. Anaparua magamba, anapasua tumbo, anachomoa matamvua, samaki anakwenda kwenye beseni la chumvi na matumbo yanakwenda kwenye karai. Ukutani wanakuwa wamekwisha kujipanga. Aliwahi kuniambia, "Mwalimu, hawa wananijua. Nikitoka na maji ya kufulia hawageuki. Nikitoka na karai la matumbo wanaitana mpaka wa kule ng'ambo wanakuja."

Sikubisha. Kunguru ni katika ndege wenye akili nyingi kabisa, na kumtambua anayemlisha au anayemtupia mawe ni jambo dogo kwake. Jirani yangu zamani akimwaga lile karai ufukweni, kwa nia safi, kwamba maji yakijaa yatachukua. Maji huchukua kilichobaki, na kunguru huwa wamefika kabla ya maji. Zidisha karai lile kwa kila mama karanga kuanzia Vanga hadi Lamu, uongeze machinjio, mabanda ya kuku wa nyama, masoko kama Kongowea na Marikiti, makombo ya hoteli za ufukweni, na mapipa ya hoteli zetu ndogo za pilau na mahamri. Uongeze kivukoni Likoni, ambapo nimewaona wakimpokonya mtoto kiazi karai mkononi huku mama yake akitafuta chenji. Chakula hicho kila siku, mwaka mzima, kusi na kaskazi, hakina msimu wa njaa.

Kwa miaka mingi jaa kuu la Mombasa lilikuwa Kibarani, pale kando ya barabara unapoingia kisiwani. Aliyepita hapo anakumbuka harufu, moshi na wingu jeusi la ndege. Jaa lile lilifungwa na mahali pake pakapandwa miti na bustani, na kwa wakazi wa pale ilikuwa neema. Lakini taka hazikupungua, zilihamishwa, na ndege wakahama nazo. Nenda leo kwenye jaa lolote la mji mkubwa wa mwambao huu utawakuta. Wamefuata barabara kuu pia. Vituo vya malori na mabasi vina vibanda vya nyama choma na rundo la mifupa nyuma, na kunguru wamekwenda kituo kwa kituo. Kwa njia ya Nairobi wamefika Voi na kupita. Kwa upande wa Tanzania wameipita Dar es Salaam wakafika Morogoro. Voi imepakana na Tsavo, na ndege wa Tsavo hawajawahi kuishi na adui wa namna hii.

Mama mkwe wangu hufuga kuku wa kienyeji kule Mtongwe. Yeye hahitaji kuelezwa habari za mnana. Vifaranga wakitotolewa huwapaka rangi ya waridi, kama wafanyavyo wafugaji wengi, ili mwewe asiwatambue kuwa chakula. Mwewe hudanganyika kwa muda. Kunguru walishtuka siku za mwanzo, kisha mmoja akajaribu, na baada ya hapo rangi ikawa kama alama ya kuwaonyesha walipo. Sasa vifaranga hukaa ndani ya tenga mpaka waote manyoya ya mabawa, na anayetaka kufuga kuku wa kuzurura uani Mtongwe ajiandae kugawana na kunguru. Anaponiambia, "Mwanangu, serikali iwaue wote," namwelewa.

Serikali ilisema itafanya hivyo. Katikati ya mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya, KWS, lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja kabla ya mwisho wa Desemba mwaka huohuo. Silaha kuu ilikuwa dawa iitwayo Starlicide, iliyobuniwa Marekani katika miaka ya 1960 kwa ajili ya ndege waharibifu. Inafaa kueleza inavyofanya kazi, kwa sababu uvumi ni mwingi. Kunguru hutegewa kwanza nyama isiyo na kitu, siku kadhaa, mahali pamoja, mpaka wapazoee. Ndipo nyama yenye dawa huwekwa, na watu waliofunzwa na kupewa kibali husimama hapo kuhakikisha ndege wengine hawaigusi. Dawa huharibu figo. Ndege hafi palepale; huruka akaenda, akafa baadaye, kwa kawaida ndani ya saa 10 hadi 12. Kufikia hapo mwili wake unakuwa umeivunja dawa, kwa hiyo paka au mwewe atakayeula mzoga hana hatari kubwa. Kuku wangeathirika wakiila nyama yenyewe, ndiyo maana haitegwi ovyo uani.

Mzee mmoja wa msikiti wetu alinikumbusha kwamba kunguru ametajwa katika hadithi ya Mtume miongoni mwa viumbe watano wanaoruhusiwa kuuawa hata ndani ya eneo takatifu la Makka, pamoja na mwewe, nge, panya na mbwa mkali. Nilimjibu kwamba sipingi. Mnana hana wakili mwingine, na mimi niliyeona makinda wakitolewa siwezi kusema kunguru aachwe kwa sababu naye ana roho. Ninachokiogopa ni watu kujitengenezea sumu. Nimewasikia wanaume wakisimuliana kibandani jinsi ya kupaka dawa ya shamba kwenye minofu. Dawa hizo hazichagui, na sumu yake inaweza kubaki ndani ya mzoga wa ndege. Anakufa kunguru, anakufa paka aliyemla, anakufa mwewe aliyemla paka, na mtoto anaweza kuokota mnofu. Huko bara ndivyo tulivyowamaliza tumbusi: mfugaji aliyeliwa ng'ombe na simba hutia sumu kwenye mzoga, na tumbusi mia wakatua juu yake. Mwaka 2015 aina nne za tumbusi wa Afrika ziliingizwa katika daraja la wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, na sumu ni sababu kubwa. Asitokee mtu Pwani akarudia hayo kwa jina la kuwaokoa ndege.

Desemba ile ilipita. Kunguru bado wananiamsha alfajiri. Silisemi hilo kwa kuwalaumu waliofanya kazi, nalisema kwa sababu historia yetu wenyewe ilitutahadharisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Unguja walifanya kampeni kubwa, kwa mitego na kwa dawa hiyohiyo, wakaua makumi ya maelfu ya kunguru. Walipungua sana, ndege wadogo wakaanza kusikika tena mjini. Fedha za mradi zikaisha, na kunguru wakarudi. Malindi na Watamu nako dawa ilitumika miaka 20 na kitu iliyopita, kunguru wakawa wa kutafutwa. Matumizi yakasimama, wakajaa upya. Kila mara wachache waliosalia walikuta meza imeandaliwa na nafasi za kukaa ziko wazi. Kunguru anayekula vizuri hulea makinda wengi hadi wakaruka, na pengo la mwaka huu hujazwa baada ya misimu michache.

Kuna mahali walipofaulu. Kisiwa cha Socotra, Yemen, kilipata kunguru wachache miaka ya 1990 kwa njia ya meli. Watu wa huko hawakungoja wawe maelfu. Watoto walilipwa kwa kuleta makinda kutoka viotani, wakubwa wakapigwa risasi, na kufikia mwaka 2009 hakubaki hata mmoja. Nawaonea wivu watu wa Socotra. Kwetu wakati huo ulipita kabla mama yangu hajazaliwa. Lakini Voi na miji mingine iliyo ukingoni mwa mbuga bado wanaweza kufanya kama Socotra, na kama ningekuwa na sauti ningeomba mitego na wataalamu wapelekwe huko kwanza, kabla ya hoteli za ufukweni zinazolalamika zaidi.

Kwa sisi wa Mombasa, kuua bila kushughulikia taka ni kazi ya kila mwaka isiyo na mwisho. Sheria tunayo. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inamtaka kila mwenye nyumba na kila mwenye biashara atenganishe taka zinazooza na zisizooza. Mtaani kwetu hupita mkokoteni mmoja, unabeba vyote pamoja, chupa, nepi na vichwa vya samaki, ukavimwaga kwenye uwazi ulio karibu na barabara vikisubiri lori. Nimesimama hapo na wanafunzi na daftari. Kunguru hawagusi mifuko ya karatasi na chupa. Wanapasua ule mfuko wenye unyevu, kila mara ndio wa kwanza, na lori likichelewa hadi adhuhuri huwa hamna kilichobaki cha kuoza.

Jirani yangu sasa anatumia ndoo yenye mfuniko. Tulichimba shimo nyuma ya migomba, matumbo yanafukiwa humo kila siku kwa udongo na jivu la jikoni. Migomba imenenepa. Wiki za kwanza kunguru walijipanga ukutani kama kawaida na kupiga kelele, mmoja akathubutu kuvuta mfuniko. Baadaye wakapungua, na sasa wanakuja wawili watatu kukagua tu. Hawakufa, wamehamia kwa jirani wa tatu, ambaye naye anakaanga samaki na hana uwanja wa kuchimba shimo. Wengi hawana. Nyumba zimebanana, na shimo la mtu mmoja halitoshi mtaa.

Ndiyo maana akina mama karanga wa diko letu wameandika barua, wanafunzi wangu wakawasaidia kuipiga chapa, kuomba vitu viwili: pipa kubwa la chuma lenye mfuniko mzito pale samaki wanapopasuliwa, na gari la kulimwaga kila jioni. Wamejitolea kulipa sehemu ya gharama kutoka kwenye chama chao. Wamepokewa vizuri, wakaambiwa ratiba ya kukusanya taka katika eneo letu ni Jumanne na Ijumaa. Wameandika barua ya pili, kueleza kwamba samaki hupasuliwa kila siku.